Gari Likichemsha, Nani Akatwe Mshahara?

Wiki mbili zilizopita, nikitoka kipindi cha saa nane, niliwakuta vijana watano wa mwaka wa pili wameizunguka simu moja katika mgahawa wa chuo, wakibishana kwa ari ambayo sijapata kuiona katika semina zangu za nadharia ya dola. Mada ilikuwa magari yale ya kifahari yenye kasi ya ajabu, ambayo wao huyaita supaka. Mmoja alitaja nguvu farasi mia nane, wa pili akamzima kwa elfu moja, wa tatu akaja na elfu moja na mia tano, na kila tarakimu ilipokewa kwa shangwe kama bao la Simba na Yanga. Nikawauliza, kwa utani tu, "Na joto la injini hiyo yote linakwenda wapi?" Wakanitazama. Yule wa elfu moja na mia tano akajibu kwa heshima, "Dokta, kwani halina rejeta?" Wakacheka, nami nikacheka, nikaenda zangu.

Jibu lile, hata hivyo, halikuniacha. Namfahamu mtu aliyekatwa mshahara kwa sababu ya rejeta, na kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta namna ya kuliandika jambo lake bila kuligeuza kuwa lalamiko la mtu mmoja. Vijana wale walinifungulia njia. Naomba msomaji wangu univumilie, kwa maana itanilazimu kukupeleka kwanza Ufaransa, mwaka 1995, ndipo nikurudishe Mlima Kitonga. Mimi si mhandisi. Nafundisha siasa na utawala wa umma. Habari za mbio nimezisoma miaka mingi kwa mapenzi tu, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba zinahusu utawala kuliko wahandisi wenyewe wanavyodhani.

Mbio za saa 24 za Le Mans huanza alasiri ya Jumamosi na kumalizika alasiri ya Jumapili. Madereva watatu hupokezana usukani, mmoja akiendesha wengine wakilala, lakini gari lenyewe halina wa kupokezana naye. Injini ni ile ile, giaboksi ile ile, rejeta ile ile, usiku na mchana. Mwaka 1995 gari lililoshinda lilizunguka mara 298 katika njia yenye urefu wa kilometa 13.6, yaani zaidi ya kilometa 4,000. Ni sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na kurudi, kisha kwenda na kurudi tena, na bado ukabakiwa na safari ya ziada, yote kwa siku moja.

Gari hilo halikuzaliwa kwa ajili ya mbio. Liliitwa McLaren F1, na aliyelibuni ni Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, aliyehamia Uingereza akiwa kijana mwaka 1969 na kujipatia jina katika magari ya Formula One. Lilipotangazwa mwaka 1992 lilikuwa gari la barabarani: dereva ameketi katikati, abiria wawili nyuma yake kidogo, mmoja kila upande, na nyuma ya migongo yao injini ya silinda 12 yenye ujazo wa lita 6.1, kazi ya wahandisi wa BMW chini ya Paul Rosche, yenye nguvu farasi 627. Murray hakuwa na hamu ya kulipeleka mashindanoni. Waliomsukuma ni wateja, hasa Ray Bellm na Thomas Bscher, ambao hawakuchoka kuomba mpaka kiwanda kikakubali kutengeneza toleo la mbio, lililoitwa F1 GTR.

Hapa ndipo swali la mgahawani linapopata uzito. Mafuta yanapoungua ndani ya injini, takriban theluthi moja tu ya nishati yake hugeuka kuwa mwendo. Sehemu nyingine kubwa hutoka na moshi kwenye ekzosi, na sehemu inayokaribia hiyo huingia katika vyuma vya injini, ambako lazima ichukuliwe na maji na oili na kutupwa hewani. Injini yenye nguvu farasi mia sita, ikikanyagwa hadi mwisho, huyapa maji yake joto lisilopungua kilowati 200. Fikiria mabirika mia moja ya umeme, yale ya kuchemshia chai, yamewashwa kwa pamoja ndani ya sanduku lililo nyuma ya kiti chako.

Mwenye gari la barabarani hana haja ya kulifikiria jambo hili, kwa sababu hawezi kukanyaga mafuta hadi mwisho kwa zaidi ya sekunde chache bila kukutana na kona, foleni au trafiki. Rejeta yake huhimili kishindo kifupi kisha hupumzika. Katika Le Mans hakuna kupumzika. Sehemu kubwa ya kila mzunguko huendeshwa kwa nguvu zote, na joto ambalo halikutoka katika mzunguko huu humkuta ndugu yake wa mzunguko unaofuata. Kasoro ndogo ya nyuzi mbili, ambayo mjini haionekani kabisa, usiku wa manane hugeuka kuwa mvuke.

Murray alikuwa amelifikiria joto tangu gari likiwa la barabarani. Mwili wake ulijengwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi maalumu, na gundi hiyo hulegea ikichomwa sana. Kwa hiyo kuta za chumba cha injini zilivikwa karatasi nyembamba ya dhahabu halisi, takriban gramu 16, kwa kuwa dhahabu hurudisha mionzi ya joto kuliko karibu kila kitu kingine. Magazeti ya wakati ule yaliipenda sana dhahabu hiyo. Mimi napenda zaidi kilichofanywa baadaye, wakati wa kuliandaa kwa mbio, ambacho hakina mng'aro wowote. Katikati ya pua ya gari palitobolewa tundu kubwa la kuingizia hewa. Ubavuni, mahali ambapo mteja tajiri alikuwa akiweka masanduku yake ya safari, mizigo iliondolewa na nafasi ile ikageuzwa kuwa njia za hewa. Breki zikabadilishwa kuwa za kaboni, viti vya ngozi na mapambo yakang'olewa, na bawa la nyuma likafungwa. Kisha, kwa matakwa ya kanuni, injini ikawekewa vizuizi vya kupunguza hewa inayoivuta, na nguvu zake zikashuka hadi takriban farasi 600.

Ningependa vijana wangu wa mgahawani waisome tena sentensi hiyo. Gari la mbio lilikuwa na nguvu pungufu kuliko gari la matajiri, na bado lilikuwa jepesi na la haraka zaidi, na likadumu saa 24. Walioliandaa walitumia akili yao kubwa kupunguza uzito na kusafirisha hewa.

Na kusafirisha hewa si kazi ya kutoboa tundu tu, kama wengi tunavyodhani. Hewa ina tabia ya maji ya mfereji: hupita penye upinzani mdogo. Rejeta ni ukuta wa mirija na mapezi yaliyobanana, na ukiacha upenyo wa kidole pembeni yake, hewa itapita pale na kuiacha rejeta ikiwaka. Kwa sababu hiyo mafundi wa mbio huziba kila mwanya kati ya njia ya hewa na rejeta, wakati mwingine kwa sponji na utepe wa kawaida kabisa. Njia yenyewe huanza kwa mdomo mdogo, kisha hupanuka taratibu, ili hewa ipungue kasi na kutulia kabla ya kugusa mapezi. Halafu inabidi itoke. Hili la kutoka ndilo husahauliwa: hewa iliyokwisha kubeba joto isipopewa mlango wa kutokea, hasa mahali ambapo mgandamizo uko chini, hujazana nyuma ya rejeta na kuizuia ile mpya isiingie. Unaweza kupanua mdomo upendavyo. Kama mkia umezibwa, hukufanya kitu.

Gari linapoingia kwenye kituo cha mafuta cha timu yake, hatari hubadilika sura. Kanuni za Le Mans hutaka injini izimwe wakati wa kujaza mafuta. Injini ikizimwa, pampu ya maji inayozungushwa nayo husimama, na hewa ya mwendo kasi haipo tena, ilhali vyuma vingali vimejaa moto. Joto hupanda palepale gari likiwa limesimama, dakika ambayo mtazamaji anadhani ni ya mapumziko. Mafundi hutumia dakika hiyo kuondoa vipande vya raba za matairi, majani na wadudu vilivyoziba wavu wa mbele. Na usiku ukiwa wa baridi na mvua hufanya kinyume: hubandika utepe juu ya sehemu ya mdomo wa hewa ili injini isipoe kupita kiasi, kwa kuwa oili baridi huwa nzito na vyuma visivyofikia joto lake husagika haraka. Injini inataka joto lake maalumu, lisizidi wala kupungua.

Kwetu tuna dawa mashuhuri ya gari linalochemsha: fundi hung'oa thamostati na kuitupa. Thamostati ni kilango kidogo kinachofunguka maji yakikaribia nyuzi 85 au 90 hivi, na hukaa kimefunga kabla ya hapo ili injini ipate moto upesi. Ikiharibika ikakwama imefunga, gari litachemsha, na kuing'oa kutaonekana kuwa tiba. Lakini mara nyingi ugonjwa uko kwingine, katika rejeta iliyojaa kutu na chokaa kwa sababu ya kumwagiwa maji ya bomba miaka nenda miaka rudi, au katika feni isiyovuta. Kuing'oa thamostati kunaufanya mshale wa joto utulie tambarare, na kila mtu anaridhika. Ugonjwa unabaki, unasubiri mlima.

Sidhani kama Wazungu hawakosei. Kampuni ya Porsche ilikimbiza miaka mingi injini zilizopozwa kwa hewa tu. Ilipotaka nguvu zaidi kwa gari lake la 935/78 la mwaka 1978, ndugu wa mbio wa ile 911 ya barabarani, iliweka vali nne kwa kila silinda, na hewa ikashindwa kuzipoza silinda heti. Ikabidi heti zipozwe kwa maji huku silinda zikiendelea kupozwa kwa hewa. Na kwa kuwa gasketi ya heti ndiyo iungayo kwanza injini inapozidiwa, jambo ambalo kila fundi wa Gerezani anaweza kukueleza akiwa amefumba macho, waliamua kuiondoa kabisa: heti zikachomelewa moja kwa moja kwenye silinda. Gari lile lilimaliza la 8 Le Mans mwaka ule. Miaka minne baadaye mfumo huo wa kupoza, maji kwa heti na hewa kwa silinda, ulikuwa ndani ya Porsche 956 zilizoshika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Murray mwenyewe ana hadithi ya namna hiyo, nami naiona bora kuliko ushindi wake. Kwa gari la Brabham BT46 la mwaka 1978 alikusudia kuziondoa rejeta za kawaida kabisa na badala yake kuyapitisha maji katika mabamba bapa kwenye ngozi ya gari, ili mwili wote wa gari uwe rejeta. Wazo lilipendeza kwenye karatasi. Katika majaribio injini zilichemsha. Eneo la mabamba halikutosha. Mabamba yakatupwa, rejeta za kawaida zikafungwa puani, na gari likaanza mashindano Kyalami kwa sura hiyo ya unyenyekevu. Miezi michache baadaye akaja na BT46B, yenye rejeta kubwa iliyolazwa juu ya injini na feni kubwa nyuma. Feni ilivuta hewa kupitia rejeta, na wakati huohuo ikalinyonya gari chini likang'ang'ania barabara. Wapinzani walipiga kelele. Brabham wakajibu kwamba kazi yake kuu ni kupoza injini. Niki Lauda akashinda nalo Anderstorp, Sweden, tarehe 17 Juni 1978, na halikushindana tena. Mimi kama mwalimu wa siasa siwezi kupita hapa bila kutabasamu: jibu la Brabham ni mfano safi wa namna sheria inavyosomwa na mwenye haja nayo.

Tarehe hiyohiyo, 17 Juni, miaka 17 baadaye, McLaren saba zilianza mbio za Le Mans. Mvua ilinyesha kwa sehemu kubwa ya saa zile 24. Zilizofika mwisho ni tano: zilishika nafasi ya 1, ya 3, ya 4, ya 5 na ya 13. Gari lililoshinda, lenye namba 59, liliendeshwa na JJ Lehto wa Finland, Yannick Dalmas wa Ufaransa na Masanori Sekiya, Mjapani wa kwanza kushinda mbio hizo. Lilikuwa ndilo gari la majaribio la kiwanda, 01R, lililokwisha kuteswa kuliko mengine yote kabla ya siku ile. Yasemwe pia yanayostahili kusemwa: mvua ilisaidia. Barabara ikiteleza, nguvu zote haziwezi kukanyagwa, giaboksi hupumua, na giaboksi ndiyo iliyowatia hofu zaidi. Siamini kwamba ukweli huo unapunguza ushindi wao. Magari mengi yaliyojengwa mahsusi kwa mbio yalikuwa chini ya mvua ileile.

Sasa Kitonga. Miaka kadhaa iliyopita, chuo nilichokuwa nikifundisha kilituma wanafunzi 24 na walimu watatu kwenda Iringa kwa ziara ya mafunzo, kwa basi dogo la chuo. Dereva wetu tulimwita Mzee, naye nitamwita hivyo hapa. Alikuwa ameendesha magari ya chuo kwa miaka 19. Tangu Mikumi alikuwa kimya, akitupia jicho mshale wa joto mara kwa mara, na mimi niliyeketi kiti cha mbele sikutaka kujua kwa nini. Tulipoanza kupanda tulikuwa nyuma ya msururu wa malori, gia ya kwanza na ya pili, mwendo wa mtu anayetembea. Huo ndio mtihani mbaya kuliko yote kwa rejeta: injini inafanya kazi ya punda, na hewa ya mbele haipo.

Mshale ulipanda. Mzee akaegesha penye nafasi, akawaomba wanafunzi washuke, akasema, "Walimu wangu, tumpe nusu saa apoe." Tulikuwa na miadi na ofisi ya serikali saa tisa. Mwenzetu mmoja akaanza kutazama saa. Mwingine akasema mbona magari mengine yanapita. Mimi, na hili naliandika kwa aibu, nilimwambia, "Mzee, si uongeze maji tu twende?" Alinitazama, akachukua kitambaa, akafungua kifuniko.

Mfumo wa maji wa gari hufungwa kwa mgandamizo makusudi, na kwa mgandamizo huo maji yanaweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa mgandamizo hutoweka, na maji hayo huchemka yote kwa dakika moja na kuruka. Mzee alijua hivyo kuliko sisi sote. Mkono wake wa kulia uliungua kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Tuliongeza maji, tukaendelea kilometa chache, gasketi ikaungua. Wanafunzi walifika Iringa saa nne usiku kwa hisani ya dereva wa basi la abiria.

Kamati iliundwa. Niliandika maelezo yangu: gari lilichemsha likipanda mlima, dereva akafungua kifuniko. Kila neno lilikuwa la kweli. Kamati ikaona uzembe wa dereva, na gharama ya injini ikakatwa kutoka mshahara wake kidogo kidogo kwa miezi 18. Mkono wake ulipona kwa kovu.

Nilikuja kujua baadaye, nilipoingizwa katika kamati nyingine iliyohitaji majalada ya usafirishaji, kwamba Mzee alikuwa ameandika madokezo matatu ndani ya miezi minane. La kwanza lilisema rejeta imeziba na inahitaji kufunguliwa na kusafishwa. La pili lilisema feni haivuti inavyopaswa, na kwamba fundi ametoa thamostati kwa muda. La tatu lilisema gari lisipangiwe safari za milimani. Kila moja lilikuwa limepanda ngazi, limepata sahihi, na limeshuka na maneno ya kusubiri fungu la matengenezo. Kamati ya ajali haikuwahi kuliomba jalada hilo. Mimi pia sikuwa nimeuliza.

Najua nitakalojibiwa. McLaren na Porsche wana fedha, nasi ni taasisi ya umma katika nchi maskini. Kulinganisha ni kuonea. Nakataa. Kufungua rejeta, kuzibua mirija na kuifunga tena ni kazi ya siku moja au mbili kwa fundi wa mtaani, na bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya injini. Sponji na utepe unaoziba mianya ya hewa Le Mans unauzwa Kariakoo. Fedha ilikuwapo, ilipatikana yote, bila kukosa hata shilingi, katika mshahara wa mtu mmoja.

Kilichopo kwao na kisichokuwapo kwetu ni jinsi ambavyo neno la dereva husikilizwa. Dereva wa mbio za ustahimilivu akisema kwenye redio kwamba joto la maji linapanda, mhandisi hamuulizi ana nini, wala hamkumbushi kwamba wengine wanapita. Anamwambia apunguze, atoke nyuma ya gari linalomnyima hewa, aingie kituoni. Taarifa yake ni sehemu ya mashine. Na wakishindwa, mabamba ya Murray yasipotosha, aliyeyachora ndiye hurudi mezani kuchora upya. Hakuna aliyemkata Lauda mshahara.

Ninachopendekeza ni kidogo, na nimekwisha kukiandika kwa wahusika ninakofundisha sasa. Kamati yoyote inayochunguza uharibifu wa gari, mashine ya maabara, jenereta au pampu ya maji ya taasisi, ilazimike kwanza kuweka mezani maombi yote ya matengenezo ya chombo hicho kwa miezi 12 iliyotangulia, pamoja na majina ya waliyoyapokea na walichoandika pembeni. Isiruhusiwe kutaja neno uzembe kabla ya kufanya hivyo. Nimejibiwa kwamba pendekezo linafanyiwa kazi. Nimekaa katika utumishi muda wa kutosha kuijua maana ya maneno hayo, lakini nimekumbusha mara mbili, na mwezi ujao nitakumbusha tena.

Huyu Murray, kwa wasiojua, hakuishia kwenye magari ya mamilionea. Ofisi yake ilibuni pia lori dogo liitwalo OX, lililokusudiwa maeneo ya vijijini yasiyo na barabara nzuri, hasa Afrika: husafirishwa likiwa vipande, huunganishwa linakofika, na sehemu zake nyingi za upande wa kushoto zinaweza kufungwa kulia. Malori yenye jina hilo yamebeba mizigo ya wakulima Rwanda. Niliwaonyesha vijana wangu picha yake juzi. Hawakuvutiwa sana, ila yule wa elfu moja na mia tano aliitazama kwa muda, kisha akauliza rejeta yake iko wapi.

Mzee amestaafu. Ana Noah yake anayoibebea abiria, na nilipomtembelea mwezi uliopita aliifungua boneti mbele yangu bila kuombwa. Maji ya rejeta yalikuwa ya kijani, safi. Nilimwomba radhi kwa lile neno la Kitonga, nikamweleza kuhusu yale maelezo niliyoyaandika na nisiyoyaandika. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama yale madokezo matatu bado yapo. Nikamwambia yapo, katika jalada la kijani, kabati la pili. Akaniomba nakala.